Kutu Haishitakiwi

Inspekta alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, kichwa chini ya gari la mikate, miguu nje juani. Koplo alichuchumaa pembeni akimshikia tochi, na kila mkono wake ulipochoka mwanga uliliacha bomba la breki ukaenda kumulika pasipohusika.

"Koplo, mulika chuma. Pua yangu naijua."

"Samahani, afande. Magoti haya yaliajiriwa zamani."

Gari lenyewe, lililovutwa mpaka yadi ya polisi, lilikuwa halitazamiki. Asubuhi moja ya mvua, wiki iliyopita, lilishuka mteremko wa kwenda sokoni likiwa limejaa mikate, likachukua kona ya kwanza vizuri, ya pili kwa shida, ya tatu likaikosa kabisa, likajibamiza kwenye ukuta wa ghala la saruji. Dereva hakufa palepale. Watu walikimbia kumtoa, lakini mlango wake ulikuwa umejikunja kama karatasi, na mlango wa ubavuni, ule wa kusukuma, uligoma kufunguka. Mpaka mtaimbo ulipopatikana, alikuwa ameshanyamaza.

Sokoni walimwita Moto-Moto, kwa jinsi alivyokuwa akiinadi mikate yake. Tanuri na gari vilikuwa vya kaka yake mkubwa, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, ingawa utajiri wenyewe ulikuwa oveni moja na magari mawili ya aina moja, rangi moja, yote yamenunuliwa yakiwa yameshachoshwa na watu wengine. Sasa Tajiri alikuwa mahabusu. Fundi wa polisi alikuwa amekagua mabaki ya gari na kukuta bomba la mafuta ya breki limekatwa kwa msumeno. Mjane wa marehemu, Mama Pacha, alikuwa ameshasema, hata kabla ya fundi kukagua, kwamba shemeji yake ndiye muuaji: mumewe alitaka kuondoka akafungue tanuri lake mwenyewe, na ndugu hao walikuwa hawasemeshani. Jalada la mauaji lilikuwa mezani likisubiri sahihi ya Inspekta. Inspekta alikuwa amesema hasaini kitu ambacho hajakitia macho.

"Niambie unachokiona," alisema.

Koplo aliinama mpaka kofia ikagusa udongo. "Bomba limekatwa. Fundi hakudanganya."

"Limekatwa mara ngapi?"

Koplo alisogeza tochi. "Mara mbili, afande. Ncha hii na ncha ile hazikutani. Kuna kipande hakipo."

"Sasa wewe unataka kumuua mtu kwa breki. Unakata mara moja, unaondoka kabla hujaonekana. Huyu kakata, kasogea, kakata tena, kaondoka na kipande. Cha nini?"

"Labda cha kuuza chuma chakavu," alisema Koplo, kisha akaona mzaha wake haukupata mteja.

Inspekta alinyoosha kidole. Bomba lilipita juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo tope linaganda na maji hayakauki, na pande zote mbili za mkato lilikuwa limevimba kwa kutu, linamenyeka kama gome la mti. Juu ya kutu palikuwa na tope jekundu la mteremko wa sokoni, limerushwa na matairi siku ile ya mvua na kukauka. Msumeno ulikuwa umepita juu ya tope hilo. Mikwaruzo yake ilikuwa safi, inang'aa, haijaguswa na tone la maji.

"Tope ni la siku ya ajali," alisema Inspekta. "Mkato uko juu ya tope. Kipi kilitangulia?"

Koplo alizima tochi bila kuambiwa. "Mungu wangu. Limekatwa gari likiwa hapa."

"Washa. Bado."

Kwenye ncha moja, karibu kabisa na mkato, palikuwa na sehemu nyembamba isiyo na tope wala vumbi, kana kwamba bomba lilikuwa limevaa pete. Ndani ya meno ya kutu palikuwa pamenasa uzi mweusi. Inspekta aliuchomoa kwa kibano, akauvuta, ukavutika.

"Mpira wa ndani wa tairi," alisema. "Mtu alilifunga bomba hili bandeji. Lilikuwa linavuja siku nyingi."

Alijivuta nje, akajikung'uta, akaomba maji ya kunawa.

Alipoulizwa nani aliyeingia tangu ajali, mlinzi wa yadi hakuhitaji kufikiri sana, maana wanaoingia kutazama vyuma vilivyokufa si wengi. Alikuja fundi wa polisi. Kabla yake alikuja mjane, kuchukua vitu vya mumewe. Na kabla ya mjane, siku moja tu baada ya ajali, alikuja mkaguzi wa magari kutoka kituo cha ukaguzi.

"Huyo nani kamwita?" aliuliza Inspekta.

"Hakuitwa, mama. Alionyesha kitambulisho, akalizunguka gari, akalala chini, akainuka ameloa jasho. Akaondoka bila hata kwaheri. Begani alikuwa na begi."

Wakiwa njiani Koplo alikuwa ameshafunga kesi. "Ndiyo huyo, afande. Gari lilipata cheti mwezi uleule. Cheti kinasema breki nzuri, chuma kizuri, kila kitu kizuri. Halafu linaua mtu na bomba limeoza. Mkaguzi anajua yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Anakuja na msumeno, anaondoa kilichooza, anaacha mkato. Lawama zinahamia kwa muuaji asiyejulikana. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo."

"Ndiyo maana hukupandishwa cheo," alisema Inspekta. Lakini hakubisha.

Nje ya geti la kituo cha ukaguzi palikuwa na biashara iliyostawi kuliko ukaguzi wenyewe. Mzee mmoja alikodisha matairi yenye kashata, meno ya kushika barabara. Jirani yake alikodisha mitungi ya kuzimia moto, pembetatu za tahadhari na taa za nyuma. Gari lilifika na matairi vipara, likavishwa, likaingia, likapasi, likatoka, likavuliwa, na matairi yaleyale yakavishwa lililofuata kwenye foleni. Hakuna aliyejificha. Askari wa geti alikuwa amekalia mojawapo ya matairi hayo.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, ovaroli imemzidi, kalamu sikioni. Alipoona sare ya Koplo alimwachia mwenzake gari lililokuwa juu ya shimo na kuwatangulia kwenye kiofisi chenye meza moja na kalenda iliyopitwa na wakati.

"Mlikuwa mnakuja," alisema. "Nilijua."

"Ulikwenda yadi ya polisi," alisema Inspekta.

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta nilipokosea." Alikaa. "Mimi ndiye niliyelipasisha lile gari. Nilipoisikia namba yake redioni, niliacha chakula mezani. Nikasema niende nikaone kwa macho yangu."

"Na begi?"

"Tochi na nyundo ndogo ya kugongea chesi, mifupa ya gari. Natembea nayo kama daktari anavyotembea na kipimo chake."

"Ulipolala chini, uliona nini?"

"Aibu." Alijipangusa uso. "Kutu mpaka kwenye mikono ya springi. Sakafu imezibwa matundu kwa puti, juu yake rangi nyeusi. Bomba la breki la nyuma limefungwa kipande cha mpira na waya. Nikajiuliza, hivi siku ile nilikuwa nimelala? Maana mimi puti naijua hata ikipakwa na malaika."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama yeyote.

"Bomba lilikuwa limekatwa?"

"Limekatwa? Hapana. Lilikuwa limepasuka hapohapo chini ya mpira, unaingiza ukucha. Lakini lilikuwa moja, huku mpaka huku. Kwani nani kalikata?"

Habari ya mpira ilikuwa haijatoka nje ya vichwa viwili, cha Inspekta na cha Koplo, na hata fundi wa polisi hakuiandika. Mtu aliyeuona mpira ule alikuwa amelala chini ya gari kabla ya msumeno. Na kama msumeno ungekuwa wake, asingeutaja mpira hata kwa kiboko.

"Nieleze ulivyolipima," alisema Inspekta. "Taratibu, kama unamfundisha mgeni."

"Magari ya aina ile yakifika umri ule yana magonjwa yake, unayajua kabla hujafungua boneti. Handbreki inashika gurudumu moja, la pili linacheka. Taa za nyuma zimeingia maji. Vifundo vya usukani vinacheza. Ekzosi imetoboka. Kutu kwenye vizingiti vya milango. Basi nililipandisha kwenye mashine ya breki, ikanipa magurudumu yote manne sawa. Nikashuka shimoni, nikagonga chesi, ikalia kama kengele. Mabomba mapya. Nikapanda ndani kwa mlango wa ubavuni nikakagua sakafu—"

"Ngoja. Kwa mlango upi?"

"Wa ubavuni. Ule wa kusukuma."

"Ulifunguka?"

"Kwa kidole kimoja. Nilimsifia hata mwenyewe, nikamwambia hapa wengi huwa wanakwama, vijigurudumu vya chini vinaliwa."

Nje gari lilipigishwa resi, moshi ukaingia dirishani.

"Watu zaidi ya kumi waliuvuta mlango ule dereva akiwa anakufa," alisema Inspekta. "Haukufunguka. Nimeutazama asubuhi hii. Umefungwa waya kwa ndani, na waya wenyewe umeshaota kutu. Haujafunguka mwaka huu wala mwaka jana."

Mkaguzi alitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani.

"Namba ya chesi uliilinganisha na ya kadi?"

"Foleni ilikuwa imefika barabarani," alisema kwa sauti ndogo. "Taa ya shimoni iliungua tangu... Nilisoma namba ya mbele. Ile ya kibao."

"Kibao kina skrubu nne. Na mwenye gari ana magari mawili."

"Kwa hiyo cheti changu..."

"Cheti chako ni cha kweli. Ulipima gari zuri, ukasema ni zuri. Shida ni kwamba halikuwa lile. Gari lililetwa na nani?"

"Mwenyewe. Tajiri. Alikuja peke yake."

Walipita kwenye tanuri. Gari la pili lilikuwa limeegeshwa nyuma ya magunia ya unga, halina kazi tangu mwenye nalo awekwe ndani. Inspekta aliusukuma mlango wa ubavuni kwa kidole kimoja. Ulikwenda wenyewe mpaka mwisho. Kisha akapiga magoti mbele ya kibao cha namba. Gari zima lilikuwa na vumbi la unga na la miaka, isipokuwa vichwa vya skrubu zile nne, ambavyo vilikuwa na alama mpya za bisibisi.

Tajiri aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa kandambili zisizolingana. Alikuwa mtu mnene aliyenyauka ghafla, ngozi ya shingo ikining'inia.

"Nimeshasema sikumuua ndugu yangu," alianza kabla hajakaa. "Huyo mwanamke ana chuki na mimi tangu siku ya harusi yao."

"Kuua sijakuuliza. Nakuuliza vibao vya namba."

Alikaa.

"Ulivibadilisha?"

"Afande, kila mtu anafanya."

"Sijauliza kila mtu."

"Nilivibadilisha. Siku moja tu, baadaye nikavirudisha. Lile jingine lisingepasi hata kwa maombi."

"Marehemu alijua?"

Tajiri alitazama ukuta. "Siku ile alikuwa kawapeleka pacha zahanati. Aliporudi akakuta cheti kimebandikwa kwenye kioo."

"Alikuwa amekuomba ulitengeneze?"

"Aliomba."

"Mara moja?"

"Alikuwa mtu wa kulalamika. Kila asubuhi mafuta ya breki, kila asubuhi mafuta ya breki. Nikamwambia avumilie, kipindi kibaya, unga umepanda."

"Na baada ya cheti?"

Koplo aliacha kuandika.

"Siku mbili kabla ya ajali alinijia tena," alisema Tajiri hatimaye. "Alisema breki zinashuka mpaka chini, mteremko wa sokoni anaushuka kwa gia na kwa dua. Nikamwonyesha cheti pale kwenye kioo. Nikamwambia, serikali yenye mashine imeona breki ni nzima, wewe na mguu wako ni nani?"

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akachukua funguo." Aliukamata mdomo wake kwa mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Lakini sikukata bomba, afande. Wallahi sikukata."

"Najua," alisema Inspekta, akainuka. "Ulikuwa huna haja."

Mama Pacha alikaa chumba na ukumbi mwisho wa uchochoro, nyumba ya kupanga. Waombolezaji walikuwa wameshatawanyika, wameacha viti vya kuazima vimepangwa ukutani. Pacha wawili, wa kike, walikuwa wamelala kwenye mkeka. Mama yao alikuwa anafua koti la kazi la mumewe, jeupe la mpishi wa mikate, analisugua mahali palepale ambapo palikuwa pameshatakata.

"Karibuni," alisema. "Mmemfikisha mahakamani?"

"Bado," alisema Inspekta. "Pole na msiba, mama. Nina maswali machache. Ulipokwenda yadi ulichukua nini garini?"

"Viatu vyake vya mvua. Hili koti. Boksi la spana."

"Naomba nilione boksi."

Mikono ya Mama Pacha ilitulia ndani ya maji. Kisha alijipangusa, akaingia ndani, akatoka na boksi la bati, akaliweka miguuni kwa Inspekta, akarudi kwenye beseni.

Msumeno mdogo wa chuma ulikuwa juu kabisa. Inspekta aliuinua kwenye mwanga. Kati ya meno yake palikuwa na unga mwekundu wa kutu, na katikati ya unga huo, vimeganda, vijipande vyeusi vya mpira.

"Umekata mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

Koplo alivua kofia. Mmoja wa pacha alijigeuza usingizini.

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe nini? Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa akilifunga lile bomba. Mpira nilikata mimi, kwa mkasi wangu wa kushonea." Alikamua koti, akalirudisha kwenye maji. "Siku ile ya ajali nilikwenda kwa afande wa trafiki. Nikamwambia gari lilikuwa bovu, mume wangu alikuwa analia nalo kila siku. Akatoa cheti. Akaniambia, 'Mama, gari lina cheti. Gari zima likianguka, mbovu ni dereva.' Akaandika uzembe. Mbele yangu akaandika. Mwendo wa kasi, uzembe wa dereva."

"Ungekuja kwangu."

"Ningekujulia wapi? Na ungenipa nini? Nilimuuliza yule afande, kwani kutu haishitakiwi? Akacheka. Akasema kutu haishitakiwi, mama, anashitakiwa mtu." Sauti yake ilikuwa kavu, haina machozi. "Basi nikawapa mtu. Ndiye yeye, au siye? Alimpa mdogo wake jeneza lenye magurudumu. Mume wangu alirudi nyumbani siku aliyoonyeshwa cheti akaniambia, mke wangu, labda mimi ni mwoga tu, mashine imesema breki ni nzuri. Alikufa akiamini ni mwoga."

Inspekta alijishusha kwenye kimoja cha viti vya kuazima.

"Kwa nini uliondoa kipande?"

"Kilikuwa na tundu. Mtu akiona tundu atajua breki zilikufa zenyewe, hatashughulika na mkato."

"Kiko wapi?"

"Nilikitupa chooni."

Choo cha nyumba ile kilikuwa cha shimo, cha wapangaji wote, na mvua ilikuwa imenyesha tangu wakati ule. Koplo alikwenda kuchungulia hata hivyo. Alirudi akitikisa kichwa.

"Nisikilize, Mama Pacha," alisema Inspekta. "Shemeji yako alibadilisha vibao. Gari lililopimwa ni lile jingine. Nimelithibitisha leo, na amekiri."

Mama Pacha aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo cheti ni cha uongo."

"Kwa hiyo mumeo hakuwa mzembe. Na aliyempa gari bovu akijua ni bovu, akamficha, mtu akafa, ana kosa la kuua bila kukusudia. Ningempeleka kwa hilo. Shahidi wangu angekuwa kile kipande, na tundu lake na mpira wake. Hakimu angekishika mkononi." Aliuweka msumeno magotini. "Sasa wakili wake atasimama aseme gari limekatwakatwa na mjane mwenyewe, ambaye alimsingizia mteja wake mauaji. Nani ajue bomba lilikuwaje? Nani ajue tundu lilikuwepo?"

"Yule mkaguzi si aliona? Watu wa yadi walisema alilala chini."

"Mkaguzi aliyetoa cheti bila kusoma namba ya chesi. Ataulizwa swali moja tu, akae chini."

Mama Pacha alilitazama koti ndani ya beseni. "Unaniambia nimemwokoa."

Inspekta alimwambia Koplo aende kwa jirani akamtafute mtu wa kubaki na watoto.

Mambo yalikwenda kama alivyosema. Mwanasheria wa serikali alisoma maelezo akiwa amesimama, akalitupa jalada la mauaji kwenye meza, akasema la kuua bila kukusudia halisimami kwa mguu mmoja. Kilichobaki kwa Tajiri kilikuwa vibao vya namba, kosa la barabarani, na kwa hilo alipewa dhamana mchana uleule. Mkaguzi alisimamishwa kazi. Kwenye shimo lake aliwekwa mwingine, na taa ya shimoni ikabaki vilevile. Kwa Mama Pacha kulikuwa na mashitaka mawili, kuharibu kielelezo na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, na yote mawili yalikuwa na ushahidi wa kutosha: msumeno, mpira, na maneno yake mwenyewe.

Mama mzazi wa ndugu wale wawili alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, amejifunga khanga za msiba, ameletwa na jirani kuja kumchukua mwanawe. Tajiri alitoka akiwa ameshika mkanda na viatu vyake mkononi. Wakati huohuo Koplo aliingia kutoka upande wa pili na Mama Pacha, hakumtia pingu, alimshika kiwiko tu kama mtu anayemvusha barabara.

Walikutana katikati ya chumba. Tajiri alisema, "Shemeji." Mama Pacha alimpita kama inavyopitwa nguzo.

"Mnampeleka wapi mkwe wangu?" aliuliza mama mzazi.

Inspekta alikwenda akakaa kando yake kwenye benchi, akamsimulia yote kwa sauti ya chini: vibao, bomba, mpira, msumeno, choo. Hakuruka neno. Bibi alisikiliza akiwa ameinamia miguu yake. Tajiri alivaa kiatu kimoja, akashindwa kufunga kamba.

"Mwanangu," bibi alimwambia Inspekta alipokwisha kusikia, "mimi sikusoma. Nifupishie. Aliyemuua mtoto wangu ni nani?"

Inspekta alitazama dirishani, kisha akamtazama Tajiri, ambaye alikuwa ameacha kamba na kutulia tuli.

"Sheria haina jina lake, mama."

"Lakini wewe unalo."

"Ninalo."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali kwa kuwa hakuna duka jingine. Tajiri alinyoosha mkono amwinue. "Twende nyumbani, mama. Umekaa sana."

Mkono ulibaki hewani. Bibi alijisogeza mwisho wa benchi, upande wa mlango wa mahabusu, akazikunja khanga zake miguuni.

"Nitamngoja mwenzangu hapa," alisema. "Wewe nenda. Wewe si una gari zima?"